Dole Gumba Kwenye Tepu: Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Alama za Vidole Baada ya Milipuko

Kwa miaka 23 kazi yangu ilikuwa kutafuta alama za vidole. Nyingi nilizitafuta pale ambapo kila mtu anategemea kuzikuta: kwenye kioo cha dirisha lililovunjwa, kwenye droo ya duka, kwenye mlango wa gari. Lakini zile ambazo bado naziona nikifumba macho ni chache zilizotoka kwenye vitu vilivyolipuka, na zaidi ya zote ni mbili zilizotoka baharini, kwenye kipande cha tepu kisichozidi urefu wa kiganja changu.

Watu wakiambiwa kwamba alama ya kidole huweza kupona mlipuko, huguna. Wanafikiri bomu hula kila kitu. Nami nilifikiri hivyo. Haya nawaandikia vijana wanaoingia kazini sasa, na yeyote anayetaka kujua jinsi jasho la mkono wa mtu linavyoweza kuishinda baruti, kisha likapotea kwa kufutwa na kitambaa.

1. Mlipuko hupita, tunaobaki na kuharibu ni sisi

Mwalimu wangu wa kazi alitupeleka kwenye machimbo ya kokoto, wanafunzi sita. Alitupa chupa za plastiki, makopo ya maziwa, betri, waya na tepu, akatuambia tuvishike kwa mikono mitupu kama mtu aliye nyumbani kwake. Kisha wataalamu wa milipuko wakavilipua kimoja baada ya kingine, sisi tumejikinga mbali. Vumbi lilipotulia tukaruhusiwa kuingia kuokota.

Niliokota kipande cha kopo kilichojikunja kama jani kavu, cheusi kwa masizi. Nikafanya nilichozoea kwenye kesi za wizi: nikachovya brashi kwenye poda, nikaanza kupitisha. Mara ya tatu masizi yakabanduka, na chini yake nikaona matuta ya kidole yakiondoka nayo, mstari kwa mstari, hadi bati likabaki linang'aa. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakufoka. Alisema, "Binti, hapo palikuwa na jina la mtu."

Jioni ile alitueleza. Ndani ya mlipuko joto hufika maelfu ya digrii, lakini hudumu muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kilichogusana na baruti husagika. Kilichokuwa pembeni kidogo hupasuka na kurushwa kabla joto halijapata nafasi ya kuzama ndani yake. Na alama yenyewe ni kitu kigumu kuliko tunavyodhani. Jasho karibu lote ni maji, nayo hukauka. Huacha nyuma chumvi na amino asidi, pamoja na mafuta ambayo vidole huyachukua tunapojishika uso na nywele. Moto unaowaka nusu saa baada ya mlipuko ni adui mkubwa kuliko mlipuko wenyewe. Baada ya moto huja maji ya zimamoto, viatu, glavu zinazosugua, na mifuko inayotupwa nyuma ya gari la doria. Ninapokumbuka alama zote nilizowahi kuona zikipotea, tulizozipoteza sisi ni nyingi kuliko zilizopotezwa na baruti.

2. Masizi ni shuka, lifunue taratibu

Tangu siku ile ya machimboni niliacha kuyachukia masizi. Hufunika alama, na kwa kuifunika huihifadhi. Mara nyingine hufanya zaidi ya hapo: hunata kwenye mafuta ya kidole na kukutolea picha nzima bila wewe kutia poda. Kwa hiyo kwanza piga picha. Weka taa pembeni, mwanga uje wa mlalo kama jua la saa kumi na mbili, utazame kila upande kabla ya kugusa. Ukishapiga picha ndipo uondoe masizi tabaka kwa tabaka: kwa kubandika na kubandua utepe mwepesi, kwa kumimina silikoni inayoganda na kuvuliwa kama ngozi, au kwa kuosha bila kusugua. Kila tabaka likitoka, picha nyingine. Ni kazi ya siku nzima kwa kipande kimoja cha bati, na mkubwa wako atapita mara tano kuuliza kama umemaliza.

Metali ina siri yake. Mwaka 2008 mwanasayansi wa Uingereza John Bond, aliyekuwa akifanya kazi na polisi wa Northamptonshire na Chuo Kikuu cha Leicester, alionyesha kwamba chumvi ya jasho hula maganda ya risasi yaliyotengenezwa kwa shaba ya manjano, na joto huongeza ulaji huo. Alama hubaki imechorwa ndani ya metali yenyewe. Hata ukilifuta ganda, ukitia umeme na unga laini sana, unga hukaa pale pale palipoliwa. Sisi wa pwani hatukupaswa kushangaa. Nani hajaona kufuli la shaba lilivyoshika doa mahali linaposhikwa kila siku?

3. Uhai kwanza, na sijawahi kuulalamikia

Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar. Nairobi wananchi walipanda juu ya kifusi cha jengo la Ufundi wakachimba kwa mikono, wakabeba majeruhi kwenye matatu na magari ya watu binafsi. Kila jiwe walilolisogeza lilikuwa ushahidi. Walifanya sawa. Mtaalamu anayelalamika kwamba waokoaji wamekanyaga eneo la tukio hajawahi kusikia mtu akiita chini ya zege.

Kazi yetu ni kuandika: nani aliingia, alishika nini, alikipeleka wapi. Kisha tuombe vidole vyao, kwa heshima, ili baadaye tuvitoe kwenye hesabu.

4. Bahari haifuti kila kitu

Sasa nifike baharini, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi.

Uvuvi wa mabomu umekatazwa Tanzania tangu sheria ya uvuvi ya 1970, lakini kwa miaka mingi pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, ilisikia mishindo hiyo asubuhi kama watu wengine wanavyosikia jogoo. Chupa ikitupwa juu ya tumbawe, samaki wote wa eneo hilo hufa, wakubwa na vifaranga. Wachache huelea, wengi huzama wakaoza. Sokoni utawajua: uti wa mgongo umevunjika, nyama imelegea. Tumbawe lililochukua miaka mingi kukua hubaki kifusi. Nimezaliwa kwenye nyumba ya mvuvi wa mshipi, na jambo hili sijawahi kulizungumzia kwa sauti ya chini.

Katika kijiji kimoja cha pwani, kijana wa miaka 19 alikuwa na wenzake kwenye mashua. Chupa ilimlipukia mkononi kabla hajaitupa. Mkono wa kulia ulikatika chini kidogo ya kiwiko. Wenzake walimfikisha ufukweni, wakakimbia. Alifariki hospitalini siku ya pili bila kutaja mtu.

Nililetewa nusu ya dumu la lita 5, vipande viwili vya mbao, shati, na mabaki ya chupa ya pili ambayo haikuwaka, bali ilipasuliwa na ile ya kwanza: shingo yake na kibonge cha tepu pana, ile ya rangi ya maji ya kufungia maboksi. Wataalamu wa milipuko walikuwa wamekwisha kuvisafisha na kuviruhusu. Vyote vilikuwa kwenye mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa fundo, na maji ya bahari ndani, kwa siku nne. Nilisikia harufu kabla ya kufungua. Shati lilikuwa limeota ukungu.

Si maji yaliyoniumiza. Kitu kigumu kisichonyonya maji, kama plastiki au kioo, huweza kukaa baharini na bado kikawa na alama, kwa sababu maji huchukua chumvi na kuacha mafuta. Kuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo: unga mweusi wa molibdenamu uliochanganywa na maji na sabuni kidogo. Unaumwagia kitu kikiwa bado kimelowa, chembe zinanata kwenye mafuta, unasuuza kwa maji matamu polepole, na alama inatokea rangi ya kijivu. Kilichoniumiza ni ule mfuko. Vitu vilivyolowa vifungwe kila kimoja peke yake, vikiwa ndani ya maji vile vile kama vinakwenda maabara leo hii. Kama vinasubiri, vikaushwe kivulini viwekwe kwenye karatasi au boksi. Ndani ya nailoni iliyofungwa, vitu hugongana na kusuguana, na ukungu hula kile ambacho bahari imekiacha.

Kwenye dumu nilipata vidole vinne vilivyo wazi kabisa. Moyo ulinidunda. Vilikuwa vya askari aliyelibeba kutoka ufukweni.

5. Mtafute mtu pale alipolazimika kuvua glavu

Mtu anaweza kuvaa glavu kwa kila kitu, lakini tepu itamshinda. Glavu hunasa kwenye gundi, ncha ya tepu haionekani, naye huivua dakika moja, au huivuta tepu kwa ukucha na kuikandamiza kwa dole gumba. Upande wenye gundi ukashika ngozi yake. Akishaizungusha, kila mzunguko hufunika ule wa chini kama majani ya kitunguu. Ndiyo maana kwenye mabaki ya mlipuko mimi huanza na tepu. Upande wa nje utakuwa mweusi na kuungua. Wa ndani unaweza kuwa kama ulivyofungwa.

Kubandua ndiko kugumu. Kile kibonge nilikiweka kwenye friza usiku mzima ili gundi ikakamae, kisha nikakibandua kwa koleo ndogo, milimita kwa milimita, nikirudisha kwenye baridi kila kilipoanza kulegea. Nilianza baada ya sala ya asubuhi nikamaliza taa za barabarani zimewashwa.

Dawa ya upande wa gundi kila mama wa Afrika Mashariki anaijua. Ni jivii, ile zambarau tuliyopakwa mdomoni tukiwa watoto wenye vidonda vya ulimi. Hupaka rangi mafuta na chembe za ngozi zilizobaki kwenye gundi. (Tepu ikiwa nyeusi haitakusaidia, maana zambarau juu ya nyeusi haionekani, hapo hutumika mchanganyiko mweupe wa titani.) Nilichovya, nikasuuza chini ya bomba lililofunguliwa kidogo sana. Kwenye maji yale yaliyokuwa yakipauka, dole gumba likajitokeza.

Lilikuwa zima. Mzunguko katikati kama kisima, na kovu limelikata kwa mshazari kutoka kushoto juu hadi kulia chini. Kovu lile nililijua, marehemu baba yangu alikuwa nalo: ni mshipi unapokatia kidole samaki mkubwa akivuta. Sentimita sita kutoka hapo palikuwa na alama ya pili, hafifu, ncha tu ya kidole, kama mtu aliyegusa na kuondoa.

Kijana alipokuwa mochwari tulichukua alama za mkono wake wa kushoto. Hazikulingana na yoyote kati ya hizo mbili. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki baharini.

6. Kilichotunzwa vizuri kinaweza kusubiri

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji maneno mengi. Ndege ya Pan Am ilipolipuka juu ya Lockerbie, Uskoti, Desemba 1988, na watu 270 wakafa, kipande cha saketi kidogo kama ukucha kilikutwa kwenye ukosi wa shati lililoungua. Haikuwa alama ya kidole, lakini aliyekunjua ukosi ule ni mwalimu wa sisi sote. Kampala, Julai 2010, baada ya mabomu kuua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, fulana ya mabomu ambayo haikulipuka ilikutwa kwenye ukumbi wa disko Makindye. Kilichoshindwa kulipuka ndicho huongea zaidi.

Na Iraki, karibu na mji wa Bayji, mwaka 2005 kilipatikana kifaa cha bomu kilichotumia kitako cha simu isiyo na waya. Sehemu zake zikahifadhiwa kwenye maabara ya FBI. Mwaka 2011 wachunguzi walirudi kwenye maboksi yale, wakakuta juu ya kitako kile alama za Waad Ramadan Alwan, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Bowling Green, jimbo la Kentucky. Alihukumiwa miaka 40. Zaidi ya miaka mitano, alama ilikaa kwenye boksi ikisubiri mtu wa kuitazama. Ingekuwa kwenye mfuko wenye fundo, isingesubiri wiki.

7. Usione unachoombwa uone

Wapelelezi walikuwa na mtu wao, mfanyabiashara aliyesemekana kuwauzia vijana fataki na tambi. Nami niliamini ndiye. Kijiji kizima kiliamini. Waliniletea alama zake kumi wakaniomba nizilinganishe na ile ncha hafifu.

Kwa darubini nilihesabu. Kulikuwa na mstari mmoja unaogawanyika panda, na mwingine unaokatika ghafla, vyote viwili vikikaa mahali sawa na kwenye kidole chake cha shahada. Kulikuwa na cha tatu ambacho kingeweza kuwa panda au kikawa chembe ya gundi. Nilitazama siku mbili. Siku ya pili nilianza kuona cha nne na cha tano. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu alama haikuwa imebadilika. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakiazima mistari kutoka kwenye karatasi ya mfanyabiashara na kuipeleka kwenye tepu.

Nilijua habari ya Madrid. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za abiria na kuua zaidi ya watu 190. Polisi wa Hispania walikuta alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki wenye fataki. Wachunguzi wa FBI wakasema ni ya wakili mmoja wa Oregon. Wa pili akathibitisha, wa tatu akathibitisha, hata mtaalamu wa nje aliyewekwa kwa ajili ya utetezi akakubali. Wahispania walikuwa wamewaambia hailingani. Wakili yule alikaa mahabusu wiki mbili, hadi Wahispania walipompata mwenyewe, mtu wa Algeria. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani ya 2006 ilieleza kosa lile lile lililokuwa likinijia: walianza kuziona kwenye alama ya mfuko alama ndogo walizokwisha kuziona kwenye kidole cha wakili. Na waliothibitisha walijua tayari mwenzao amesema nini.

Tangu hapo nina utaratibu ambao simruhusu mtu auvunje. Natazama alama ya eneo la tukio peke yake, naandika kila nilichokiona, nasaini. Ndipo nafungua karatasi ya mshukiwa. Na mwenzangu anayehakiki haambiwi jibu langu.

Niliandika: haitoshi kulinganisha.

"Afande, unamwachia huyu," mpelelezi aliniambia, na machozi yalikuwa karibu. Alikuwa amemwona yule kijana hospitalini. Sikuwa na jibu la kumpoza. Mfanyabiashara aliachiwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Lingeniuma zaidi kama ningeapa mahakamani juu ya mstari ambao sikuuona.

8. Kila alama ina mwenyewe, na mwenyewe ana watu

Lilibaki lile dole gumba lenye kovu. Mama wa kijana alipoitwa kutoa maelezo, nilimsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," akaitikia, akakaa ukingoni mwa benchi. Nilimuuliza kama kuna mahali popote mwanawe aliwahi kuweka dole gumba. Hakuwa amesoma, hakuwa na kitambulisho. Mama alifikiri kidogo, akasema kuna karatasi.

Siku iliyofuata aliileta imekunjwa ndani ya pindo la kanga. Ilikuwa karatasi ya daftari yenye mistari, mkataba wa kununua nyavu kwa mkopo, umeandikwa na jirani kwa kalamu ya bluu. Chini, kwa wino wa muhuri, dole gumba la kulia. Mzunguko katikati, kovu la mshazari. Nilihesabu alama ndogo 16 bila kutafuta, na mwenzangu, ambaye sikumwambia kitu, akahesabu zake akafika hapo hapo. Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa ameifunga ile chupa ya pili. Ya kwanza pia, bila shaka, ingawa hilo siwezi kuliapia.

Mama hakuuliza kuhusu kesi. Aliuliza kama karatasi yake itarudi. Nilimweleza kwamba sasa ni kielelezo, na kielelezo hakitoki hadi jalada lifungwe. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea kusubiri.

Jalada lilifungwa baada ya mwaka na miezi kadhaa. Niliandika barua ya kuomba kibali, nikapanda basi mwenyewe, bahasha ya kaki mapajani. Nilimkuta uani anaanika mwani. Alinawa mikono, akaikausha kwenye kanga, akaifungua ile karatasi juu ya goti. Miaka yote ile nilikuwa nimewakataza watu kugusa. Alipolishusha dole gumba lake juu ya lile la mwanawe, sikusema kitu.

"Cha kwake kikubwa," alisema. "Kidole cha baba yake."